Katuni Zilipogoma Kucheza

Katika shule yetu ya watoto viziwi kila mtu ana jina la mikono. Mwalimu Mkuu ni kidole kinachochora mistari kwenye paji la uso, kwa ajili ya makunyanzi yake. Mimi ni kiganja kinachozunguka juu ya tumbo, na sina haja ya kueleza kwa nini. Mwenzangu ambaye ninataka kusimulia habari zake, aliyefundisha darasa lililopakana na langu, alikuwa kalamu inayochora hewani, halafu vidole viwili vinaruka kama vinacheza dansi. Sisi tunaosikia tulilileta jina hilo mdomoni tukawa tunamwita Mwalimu Katuni, naye aliitika.

Jina alilipata kwa jasho. Alipokuja kwetu, vitabu vyote vilikuwa vya watoto wanaosikia. Ukurasa wa kwanza ulimwambia mtoto asome kwa sauti, wa pili ulimtaka asikilize mlio wa ndege. Alikasirika mpaka akakosa usingizi, na hasira yake ikamtuma kazini. Likizo ile hakwenda kwao. Alijifungia chumba cha kompyuta akajifundisha mwenyewe programu ya kutengeneza katuni, na shule ilipofunguliwa akatuonyesha mwanasesere mwenye mikono mikubwa kuliko mwili, ili hata mtoto wa dawati la mwisho aione vizuri. Ukibofya picha ya mvua, mwanasesere anafanya alama ya mvua na neno linajiandika chini yake. Ukibofya mbuzi, anafanya mbuzi. Watoto walimpa jina Bwana Mikono, na nilishuhudia mtoto aliyekuwa hajui hata kushika penseli akimtazama Bwana Mikono na kuandika "mbuzi" bila kukosea.

Masomo hayo yalifunguka ndani ya kivinjari, dirisha lile lile tunaloingilia mtandaoni. Kivinjari peke yake kilikuwa hakijui kuchezesha katuni. Kilisaidiwa na programu-jalizi, kiprogramu kidogo kinachochomekwa ndani yake kama balbu kwenye soketi. Enzi hizo kila kompyuta ilikuwa nacho, na hakuna aliyewaza kwamba kitu kama hicho kinaweza kuzeeka. Masomo yakafika zaidi ya mia. Walimu wa shule nyingine walikuja kutazama, watu wa magazeti wakaja na kamera, na cheti chenye jina lake kikatundikwa ofisini, juu ya kiti cha Mwalimu Mkuu, mahali ambapo kila mgeni angekiona.

Kisha kiprogramu kile kikaanza kusemwa vibaya. Ilionekana kwamba wezi wa mtandaoni wanakitumia kama mlango wa uani usio na komeo. Wenye vivinjari wakaanza kuuliza, una uhakika unataka kukifungua? Baadaye wakakizima. Mwisho wakaking'oa kabisa, na waliokitengeneza nao wakatangaza kwamba wamekizika. Siku hiyo Mwalimu Katuni alibofya somo la hali ya hewa mbele ya darasa zima, na badala ya Bwana Mikono likatokea pande la kijivu, tupu. Watoto wakasubiri. Mmoja akanyoosha mkono akauliza kama hilo ndilo wingu.

Alicheka siku hiyo, na sisi tulicheka naye. Akatafuta njia. Palikuwa na kompyuta moja kuukuu pembeni mwa chumba, yenye kivinjari cha zamani ambacho hakikuwahi kusasishwa. Akaichomoa kwenye mtandao, akaifunika kitambaa, akatuonya tusiiguse, na kwa muda mrefu darasa lake likawa linajipanga kuizunguka. Hatimaye nayo ikafa. Ilitoa harufu ya waya ulioungua, basi. Ndani yake ndimo yalimokuwa mafaili ya asili, yale ambayo angeweza kuyafungua na kuyarekebisha. Kilichobaki ni nakala za kuchezesha tu kwenye flashi moja, na za kuchezesha hazikuwa na pa kuchezea.

Hapo ndipo alipopaswa kutwambia. Hakusema. Nilipomuuliza siku moja masomo yanaendeleaje alijibu, "Nayaboresha." Mwalimu Mkuu alipouliza, alijibiwa hivyo hivyo. Neno lile likadumu miaka. Baadaye sana alinieleza kwamba alihisi ukimwondolea zile katuni hakuna kitakachobaki. Watoto wenyewe walikuwa wanajua lugha ya alama kuliko yeye, walimu vijana walikuwa na shahada alizokuwa hana, na yeye alikuwa na cheti kimoja ukutani cha kazi ambayo haifunguki. Kila alipoingia ofisini alikaa akitazama sakafu ili asikione.

Siku moja Mwalimu Mkuu akamkuta kwenye varanda, akamshika bega. Alikuwa na furaha.

"Wakubwa wa elimu wanakuja wiki ijayo. Wamesikia habari za masomo yako, wanataka kuyasambaza shule zote za viziwi. Bado yapo, si ndiyo?"

"Yapo, Mkuu."

"Yanafanya kazi?"

"Yanafanya."

Mimi nilikuwa nimesimama hapo na madaftari yangu. Nilimwona anatabasamu, na sikuona zaidi ya tabasamu.

Jumamosi iliyofuata watoto wote walikuwa uwanjani kwenye michezo. Yeye akachukua ufunguo wa chumba cha kompyuta, akajifungia. Akaandika kwenye mtandao swali ambalo watu wengi duniani wamewahi kuliandika: nitachezeshaje katuni za zamani kwenye kivinjari kipya? Majibu yalikuja kama mvua. Ukurasa mmoja ulieleza kwamba ipo programu inayomwiga yule marehemu, inayoweza kuzichezesha katuni bila kumfufua, ila ulikuwa mrefu, una maneno ya kifundi, na ulionya kuwa baadhi ya katuni huenda zikakataa. Kuufuata kungemlazimu kumwita fundi wa shule, na kumwita fundi ni kukiri kwamba masomo yamekufa. Akaufunga. Ukurasa mwingine ulikuwa mfupi, una kitufe kikubwa cha kijani. Uliahidi kivinjari cha zamani chenye kila kitu ndani yake, bofya hapa.

Kompyuta ilimkatalia. Ilitoa onyo jekundu kwamba faili hili si salama. Akaizima ile programu ya ulinzi. Na mtu huyu ndiye aliyewafundisha watoto wetu, mwaka baada ya mwaka, wasibofye kitu wasichokijua. Tena hakuyafanya hayo kwenye kompyuta yoyote tu. Alichagua ile kubwa, iliyohifadhi kila kitu cha shule, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa na nguvu.

Ilifunguka. Bwana Mikono akatokea na mikono yake minene, akafanya alama ya karibu. Mwalimu Katuni alinambia kwamba alilia pale kwenye kiti kama mtu aliyempokea ndugu kutoka safari ya mbali.

Wageni wakaja, wakatazama, wakaridhika. Watoto wakabofya mvua, mbuzi na jua, na wageni walipofundishwa kupiga makofi ya kiziwi, kwa kuinua mikono na kuitikisa hewani, mmoja aliipenda sana hata akawa anaitikisa mpaka kwenye gari. Tuliwasindikiza getini. Mwalimu Katuni alikuwa amevaa gauni la sikukuu, na nilimwambia umependeza, naye akaniambia ahsante bila kunitazama.

Kesho yake asubuhi hakuna faili lililofunguka. Kila moja lilikuwa limepewa jina la ajabu lisilosomeka, na kwenye kioo palikuwa na tangazo la watu wasiojulikana wakidai walipwe ndipo watoe ufunguo. Alama za mitihani zilikuwa humo. Picha za miaka yote zilikuwa humo. Na zilikuwamo video. Hizi inabidi nizieleze. Mtoto wetu hawezi kupiga simu nyumbani, kwa hiyo siku za wazazi kuwatembelea tulikuwa tukiwarekodi pamoja, mzazi na mtoto, wakizungumza kwa mikono, na mtoto akimkumbuka mama yake anakwenda chumba cha kompyuta anamtazama. Diski ya akiba ilikuwepo, lakini ilikuwa imeachwa imechomekwa pale pale ubavuni mwa kompyuta, nayo ikaliwa.

Mwalimu Mkuu hakuhitaji uchunguzi. Alikuwa ameshakataza michezo ya mpira ya kwenye mtandao mara kadhaa, na alijua kuna wavulana wanaoipakua kwa siri. Akaitisha mkusanyiko. Yeye lugha ya alama anaijua kwa kuombea maji tu, kwa hiyo siku zote anapohutubia husimama mwalimu pembeni yake kutafsiri. Akageuza macho kwenye mstari wetu.

"Mwalimu Katuni, njoo unisaidie."

Akaenda. Akasimama mbele ya shule nzima, na Mwalimu Mkuu akaanza.

"Mmeharibu mali ya shule."

Mikono yake ikasema, mmeharibu mali ya shule.

"Kwa uroho wa michezo yenu mmeingiza uchafu kwenye kompyuta, na sasa video za wazazi wenu zimepotea. Chumba kitafungwa. Hakuna mwanafunzi atakayeingia."

Mikono yake ikayasema yote hayo, moja baada ya jingine, bila kuruka kitu. Na katika lugha ya alama huwezi kusema jambo uso ukiwa umelala. Uso ndio sauti. Ikabidi auweke uso wa hasira, akunje nyusi, awatazame watoto machoni, awakemee kwa kosa lake mwenyewe. Nilikuwa nimesimama hatua chache tu, na nikawaza, leo mwenzangu ana uchungu kweli na hizi kompyuta.

Wavulana wawili wakajitokeza wenyewe. Walikuwa kweli wamepakua mchezo wa mpira, muda mrefu nyuma, na waliamini kwa moyo mmoja kwamba ndio uliofanya haya. Mmoja alilia akiomba radhi kwa wenzake. Wakapewa adhabu ya kufyeka nyasi nyuma ya mabweni mpaka muhula uishe. Dirisha la darasa la Mwalimu Katuni lilitazama huko huko. Aliwaona kila siku wakiinama na kuinuka. Akahamisha meza yake ikaelekea ukutani, na alipoulizwa na watoto akasema jua linamsumbua.

Kula kulimshinda. Mumewe, ambaye ni kinyozi na mtu wa maneno machache, alidhani ni malaria, akampeleka kupima. Majibu yakatoka kwamba hana kitu. "Mbona hata hilo linakuhuzunisha?" mumewe alimuuliza njiani. 

Ndipo fundi akaja. Fundi wetu alikuwa mwanafunzi wetu wa zamani, kiziwi, dada mrefu mwenye kidoti shavuni, na kidoti hicho ndicho jina lake. Alikuwa amejifunza kusoma kwa Bwana Mikono. Sasa ana ofisi yake ndogo mjini na hutengeneza kompyuta za watu. Alikaa chumbani siku nzima peke yake, na alasiri akatoka, akaja moja kwa moja mlangoni kwa Mwalimu Katuni, akazimazima taa kama tunavyobisha hodi sisi.

"Shikamoo, mwalimu. Jumamosi ile mchana nani alikuwa kwenye kompyuta kubwa?"

Hakuwa akimtega. Alikuwa anauliza kama fundi anayetafuta bomba linalovuja. Mwalimu Katuni alinambia kwamba uwongo ulikuwa tayari, mikono ilikuwa imeshanyanyuka kuutoa. Watoto wote walikuwa uwanjani, angesema mlango ulisahauliwa wazi, na nani angebisha? Mikono ikabaki hewani. Halafu akajigusa kifua.

"Mimi."

Kidoti akauliza, "Ulikuwa unatafuta nini?"

Akamweleza. Pande la kijivu, kompyuta iliyoungua, wageni, kitufe cha kijani. Kidoti akasikiliza kwa macho mpaka mwisho, kisha akaomba ile flashi. Wakaenda pamoja chumbani. Kwenye kompyuta yake ya mkononi, yenye kivinjari kipya kabisa, akaweka ile programu inayoiga ya zamani, akaburuta faili la kwanza. Kwa muda huo hata chai ya kikombe kimoja isingepoa. Bwana Mikono akatokea akafanya karibu.

"Ungenitumia ujumbe tu," Kidoti alisema. "Hii ipo siku nyingi. Nadhani masomo machache tu ndiyo yatakataa."

Mwalimu Katuni akakaa. Somo likaendelea kucheza lenyewe, likafika kwenye siku za wiki, na Kidoti akacheka kwa pumzi.

"Bado anakosea 'jana'."

"Anakosea?"

"Anasema 'mgongo'. Na 'rafiki' yake ni kama anafunga mzigo. Tulikuwa tunamwiga bwenini. Jana ya Bwana Mikono, tulikuwa tunasema, tukitaka kusema kitu ambacho hakijatokea."

"Mlijua wote?"

"Wote. Tulimpenda."

Alisema hivyo kwa wema, na wema ule ulimchoma kuliko tusi. Kidoti alikuwa ameanza kufunga begi lake. Kupitia dirishani akawaona wale wavulana wawili na mafyekeo, jasho likiwatiririka.

"Hao wana kosa gani?"

Mwalimu Katuni alimwambia. Alimwambia pia kwamba yeye ndiye aliyetafsiri.  Kidoti aliingiza mikono yake mifukoni, akaiacha humo, akamtazama. Mtu anayesikia anaweza kunyamaza huku ana mengine akilini. Kiziwi akiingiza mikono mifukoni mbele yako amekata mazungumzo, na wewe huna pa kushika. Akaondoka hivyo, begi likiwa begani, bila kuaga.

Siku hiyo hiyo Mwalimu Katuni akaenda ofisini akakiri. Alitarajia ngurumo. Mwalimu Mkuu aliondoka kwenye kiti, akaenda kufunga mlango, akarudi akakaa, akajipangusa uso kwa leso.

"Nani mwingine anajua?"

"Fundi."

"Fundi si msemaji," akasema, kisha akaona alichokisema, akakohoa. "Sikiliza, mama. Wale wakubwa wameshakubali. Ukisema hili sasa, aibu si yako peke yako, ni ya shule. Na wavulana wale hata hivyo walipakua mchezo, walivunja sheria. Nitawapunguzia adhabu. Hili liishie humu."

Ningependa kusema kwamba alikataa pale pale. Hakukataa. Alisema, "Sawa, Mkuu," akatoka, na kwenye varanda akahisi mwili umekuwa mwepesi, kama mtu aliyetua gunia. Alinisimulia hilo kwa sauti ya chini kuliko yote mengine. Kwamba alifurahi. Kwamba alifika nyumbani akala sahani nzima, na mumewe akafurahi kumwona anakula, na ile furaha ya mumewe ndiyo iliyomshinda. Akaweka kijiko, akatoka nje akakaa kwenye ngazi.

Asubuhi, kwenye mkusanyiko wa kawaida, Mwalimu Mkuu alipomaliza matangazo yeye hakurudi kwenye mstari. Akabaki mbele. Mwalimu Mkuu akamnong'oneza kitu, hakugeuka. Akainua mikono.

 Sijawahi kuona mikono ikipata kigugumizi namna ile. Vidole viligongana, alama zikaanguka nusunusu, na watoto wakanyoosha shingo wakikunja macho. Alipomaliza, mwanafunzi wa mbele akatikisa kichwa.

"Rudia. Hatujaelewa."

Akarudia. Safari hii alishika kiwiko cha kulia kwa mkono wa kushoto na akasema polepole, kwa mkono mmoja, kama anavyosema mtu aliyebeba mtoto. "Si wavulana. Ni mimi. Masomo yangu yalikuwa yamekufa, niliona haya kusema. Niliweka kitu kibaya kwenye kompyuta ili wageni wanisifu. Halafu nilisimama hapa nikawasingizia nyinyi kwa mikono hii."

Uwanja mzima ulikuwa kimya, na kwetu kimya maana yake hakuna mkono unaosogea. Wale wavulana wawili walitazamana. Mmoja akauliza, "Kwa hiyo mchezo wa mpira haukuharibu?" Akamjibu kwamba haukuharibu. Kijana akashusha pumzi ndefu, na mabega yake yakashuka nayo. Kumbe alikuwa amebeba hayo yote.

Kisha akasogea msichana tunayemwita Kishungi, kwa fundo la nywele utosini. Baba yake ni dereva wa malori ya masafa. Kwa miaka hakujua hata kusema "kula" kwa mikono. Siku moja alitokea bila taarifa, akakaa na binti yake mbele ya kamera, akamsimulia kwa lugha ya alama jinsi alivyozaliwa. Alikuwa amejifunza kwa siri, kwenye simu, akiwa kwenye foleni za mizigo. Kishungi alikuwa anaitazama video ile karibu kila jioni.

"Ya baba itarudi?"

"Fundi amejaribu. Haitarudi."

Kishungi akainamisha kichwa mara moja kuonyesha ameelewa, akarudi kwenye mstari wake.

Yaliyofuata yalifuata. Mwalimu Katuni alinyang'anywa ufunguo wa chumba cha kompyuta, akaandikiwa onyo, na wakubwa wa elimu walipoelezwa wakasema usambazaji usubiri kwanza. Wavulana waliombwa radhi na Mwalimu Mkuu mwenyewe, kwa ile lugha yake ya kuombea maji, na nadhani walimwelewa kwa kumhurumia. Walimu wengine walipita varandani wakimsalimia Mwalimu Katuni kwa sauti ya juu kupita kawaida, kama anayesalimiwa ni mgonjwa. Mimi nilikuwa mmoja wao.

Lakini adhabu yake ilikuwa darasani. Kishungi aliacha kumtazama. Hakugoma, hakuleta fujo, aliandika kazi zake zote. Ila mwalimu alipoinua mikono kufundisha, yeye alishusha macho kwenye dawati. Mtoto kiziwi asiyekutazama amekuzima. Unaweza kusema mpaka mikono ichoke. Mwalimu Katuni hakumgusa bega wala kumgongea dawati ili atazame. Aliona hana haki hiyo. Alifundisha wengine, na kila alichofundisha akakiandika pia ubaoni, kwa mwandiko mkubwa, kwa ajili ya mmoja.

Alimpigia simu baba wa mtoto. Alilizungukazunguka hilo siku kadhaa, na alipopiga aliomba nikae naye, labda ili asiweze kukata. Sauti ya injini ilisikika, kisha ikazimwa. Alimweleza yote. 

"Mwalimu," akasema yule bwana, "mimi ile video nilikuwa naionea haya. Nilikosea karibu kila kitu. Nilitaka kusema mama yako alikufurahia, nikasema mama yako alikufulia. Nilijua baadaye. Nikawa naomba Mungu watoto wengine wasiione."

"Yeye aliipenda hivyo hivyo, baba."

"Najua. Ndiyo maana sijakwambia hakuna tatizo."

Alisema atarekodi nyingine. Ilikuja baada ya wiki kadhaa, kwenye simu yangu, maana Mwalimu Katuni aliona si vizuri ifike kwake. Baba amekaa kwenye ngazi ya lori, amenyoa, na mikono yake sasa inakwenda sawasawa, bila kusita. Kidoti alikuwa ameleta kompyuta zilizosafishwa siku hiyo, akaipandisha kwenye moja, na akaweka nakala nyingine kwenye diski iliyofungiwa kabatini, mbali na waya wowote. Na Mwalimu Katuni alimsalimu kwa shikamoo ya kichwa kilichoinama, yeye aliye mkubwa, na Kidoti akamrudishia salamu kama ilivyo kawaida, mdogo kwa mkubwa, akaendelea na kazi.

Kishungi akaketi kutazama. Mwalimu Katuni alisimama mlangoni, nusu ndani nusu nje. Video ilipokwisha, mtoto aliirudia tena tangu mwanzo. Kisha akageuka, akamtazama mwalimu usoni, mara ya kwanza tangu siku ile.

"Hii ni nzuri kuliko ile," akasema. "Hakukosea hata kidogo."

"Ni nzuri sana."

"Ile ilikuwa yangu, lakini."

"Najua," Mwalimu Katuni akamjibu. "Ilikuwa yako, na mimi ndiye niliyeipoteza."

Kishungi alifikiri kidogo. Akavuta kiti cha pili akakiweka kando ya chake, hakusema aketi nani, akaigeukia kompyuta akabofya tena. Mwalimu Katuni hakujua kama ameitwa. Alibaki pale mlangoni mkono ukiwa kwenye fremu, na video ikacheza, baba akisimulia mvua ya usiku ule wa kuzaliwa, na kiti kikiwa kitupu.